Tupeane uzoefu: wenye wagonjwa wa dayalisisi (wanaosafishwa damu kwa mashine), figo tunaihangaikia, moyo je?

Kibatari_Mbagala: Wakuu habari za humu. Jana nimempeleka mzee wangu wa dayalisisi eksirei, aliteguka mkono, dokta akaniita niione picha. Mifupa naiona, ila pembeni kuna mistari miwili myeupe imeenda sambamba mpaka karibu na vidole, nikajua kuna waya. Kumbe mshipa wa damu, ukuta wake umejaa chokaa, yaani kalsiamu! Akasema ndo maana presha yake inasoma 190 kwa 70, ya juu inapaa ya chini imetulia, mshipa ukishakakamaa hautanuki moyo unaposukuma damu, basi moyo unafanya kazi ya punda. Miaka yote sisi tunauliza kreatinini tu, kile kipimo cha figo. Nyie wenzangu moyo umeshawasumbua?

Mama_Junia: Pole mkuu. Mimi mwenyewe niko kwenye mashine, eko, ile ultrasound ya moyo, inasema ukuta wa moyo upande wa kushoto umenenepa. Nikipanda ngazi hadi chumba cha dayalisisi naona nyota.

shaban_wa_pwani: Umenikumbusha mbali sana. Shemeji yangu alikuwa anasafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, sasa hapo katikati wikiendi ndo pabaya maana siku mbili hakuna mashine. Jumapili kukawa na harusi Tanga, jua kali, mtu kazuiwa maji, akaona madafu si maji 😅 akapiga, na ndizi juu. Jumatatu alfajiri miguu haina nguvu, bajaji tumempakia kama gunia, anaongea vizuri lakini mguu haunyanyuki. Kufika, nesi kashika mkono kuhesabu mapigo, kahesabu tena, kisha akaanza kukimbia. Moyo unapiga polepole mpaka unasubiria pigo linalofuata. Wakamchoma kalsiamu, halafu insulini na glukosi, mie nagomba pale jamani huyu hana sukari insulini ya nini! Kumbe inaisukuma potasiamu ya yale madafu na ndizi, ambayo figo haiwezi kuitoa, iingie kwenye seli ili moyo usisimame wakati wanaandaa mashine. Alipona, ila dada yangu mpaka leo akiona dafu anatukana.

Mama_Junia: Yesu wangu 😳

Bonde_la_Ufa: Huku Kenya kadi yangu ya bima ilikuwa inalipia mara mbili kwa wiki, mara ya tatu ulikuwa unatoa mfukoni, so hiyo gap tumeishi nayo. Mimi nikikuja na kilo nne za maji juu, zikivutwa kwa masaa manne presha inaanguka, miguu inakaza natamani kulia. Sahii nalamba ndimu badala ya kunywa maji.

Tabibu_Asili: Mishipa iliyokakamaa inalainika kwa unga wa mlonge, siku 21. Njoo inbox.

Kibatari_Mbagala: Bei gani?

shaban_wa_pwani: Weee Kibatari acha! Hujasoma nilichoandika? Majani ya mlonge yana potasiamu kibao, mtamuua mzee wa watu.

Tabibu_Asili: Wazungu wamekulisha vidonge hadi akili imekakamaa.

shaban_wa_pwani: Na wewe ulikuwepo pale nesi anakimbia?

Mzee_wa_Kahawa: Mnieleweshe, huyu mzee mishipa imejaa chokaa, yule shemeji kachomwa kalsiamu, na mie nimeandikiwa vidonge vya kalsiamu nile na chakula. Si ndo mnaniongezea chokaa?

nesi_mstaafu: Ile sindano ni ya dharura, inaukinga moyo kwa muda. Vyako vinanasa fosforasi kwenye chakula isiingie kwenye damu, maana figo haiwezi kuitoa, ikijaa inashikana na kalsiamu na kuganda kwenye mishipa. Ndo maana vinamezwa pamoja na chakula, ukimeza usiku na tumbo tupu hujafanya kitu. Ila hoja yako ina maana, kalsiamu ikizidi nayo ni shida, wengine wanapewa dawa isiyo na kalsiamu. Uliza kipimo chako cha fosforasi. Na soda nyeusi muache.

Mzee_wa_Kahawa: Nilikuwa nameza saa nne usiku 🙄

Bonde_la_Ufa: Mimi daktari alisema nisiguse maziwa kabisa, mwingine akasema nusu kikombe sawa. Nafuata wa pili.

Mama_Junia: Viazi mie nakatakata vidogo, nachemsha, maji namwaga ili potasiamu ipungue. Ladha inaenda na maji lakini nafanyaje.

Kibatari_Mbagala: Nesi asante, dagaa je? Mzee hawezi kukaa bila dagaa.

nesi_mstaafu: Unatafuna na mfupa wake, fosforasi tupu. Kidogo kidogo, na vidonge vyake mdomoni.

Kibatari_Mbagala: Sawa. Yuko hapa anauliza, na supu ya pweza?

shaban_wa_pwani: Mwambie atulie kwanza 😂