Boti ya alumini ya mita 6.2: kiti cha magurudumu cha umeme kikae wapi, na kipandishwe vipi?

Mwanaomo
Wakuu, habari za kazi. Nachora boti ya alumini, urefu mita 6.2, upana mita 2.3, injini ya nje ya nguvu farasi 60. Abiria mkuu anatumia kiti cha umeme. Yeye na kiti chake ni kilo 230. Pamoja na mafuta na watu wengine wanne, boti nzima inafika kilo 1,500. Nimepanga rampu ya mita 2.4 kwenye omo (mbele ya boti), sakafu ya chini kabisa ili uzito ukae chini, na mkanda wa kumfunga abiria kitini kama wa gari. Nani ana marekebisho kabla sijaanza kukata bati?

Timazi
Anza na sakafu, maana umebana pasipostahili. Sakafu iliyo chini ya usawa wa maji haiwezi kujikausha yenyewe, na sentimita 2 tu za maji kwenye mita za mraba 9 ni kilo 180, zote zikikimbilia upande ulioinama. Boti pana yenye sakafu wazi ina haki ya kuogopa hilo kuliko kimo cha kiti. Inua sakafu sentimita 20, ibaki angalau sentimita 8 juu ya maji boti ikiwa imejaa, na weka matundu manne ya kutolea maji, yenye vali za kuzuia maji yasirudi. Hasara yake ni ndogo: kilo 230 za kiti na kilo 300 za watu zikipanda sentimita 20, kitovu cha uzito cha boti nzima hupanda sentimita 7 tu.

Halafu pima, usikisie. Boti ikiwa majini yaliyotulia, imepakiwa mifuko ya mchanga badala ya watu, ning'iniza timazi yenye uzi wa mita 1, risasi yake izame kwenye ndoo ya maji ili isiyumbe. Hamisha kilo 80 kwenda ubavuni kwa mita 0.8. Timazi ikisogea milimita 60, kimo cha metasenta (kipimo cha uthabiti: kikiwa kikubwa, boti hailali kirahisi) ni (80 × 0.8) ÷ (1,500 × 0.06), yaani mita 0.71. Kwa namba hiyo, kiti kikikaa nusu mita nje ya mstari wa katikati, boti inalala kama digrii 6. Watu wawili wa kilo 80 wakihamia ubavu huohuo, mita 0.8 kutoka katikati, inafika 13. Kwa hiyo kiti kikae juu ya mstari wa katikati, mbele kidogo ya nusu ya boti ili kisawazishe injini.

Bawaba
Rampu yako fupi. Sakafu ikiwa sentimita 40 juu ya mahali pa kupandia, mita 2.4 inatoa mwinuko wa 1 kwa 6, karibu digrii 10, na viti vingi vya umeme haviruhusiwi kufika huko (soma kitabu cha kiti chenyewe). Mita 3.2 ni 1 kwa 8, digrii 7. Ikunje mara mbili, upana wa ndani sentimita 85, kingo za sentimita 5 pembeni gurudumu lisitoke.

Kinachosahaulika ni kona ya chini. Kikanyagio kilicho sentimita 40 mbele ya magurudumu kitashuka karibu sentimita 5 kwenye digrii 7, hivyo kitakwaruza ardhi kabla magurudumu hayajafika. Ongeza ulimi wenye bawaba, sentimita 40, ulio na nusu ya mwinuko.

Omo nayo ikiwa inaelea, kiti na msaidizi wakisimama pale juu itazama sentimita 20 hivi, na mwinuko unabadilika mtu akiwa njiani. Weka miguu miwili ya kushusha chini ya bawaba ya juu, au panulia omo iwe butu. Bolti za chuma cha pua zitenganishe na alumini kwa bushi za nailoni, la sivyo mashimo yatalika.

Mwanaomo
Asanteni. Na mkanda?

Jahazi_Tupu
Ufute. Kiti hufungwa kwenye boti. Mtu hafungwi kwenye kiti. Kiti cha umeme cha kilo 120 kikienda majini kinazama, na aliyefungwa anazama nacho. Kiti kishikwe kwa mikanda minne kwenye fremu yake, si kwenye magurudumu wala vikanyagio, kila mmoja ukishuka kwa digrii 45 hivi hadi pete iliyochomelewa kwenye taruma (mbavu za boti), si kwenye bati la sakafu. Breki pekee hazitoshi. Kama mwili unahitaji mkanda wa kuushikilia wima, uwe wa kufunguka kwa mkono mmoja, na msaidizi akae mahali pa kuufikia.

Boya la kujiokolea lijaribiwe kwenye maji matulivu akiwa amelivaa, uonekane uso unaelekea juu. Mtu asiyetumia misuli ya kiwiliwili huelea tofauti na ilivyoandikwa kwenye lebo.

Akitaka kushika usukani mwenyewe, acha nafasi ya magoti: kimo sentimita 70, kina 48, upana 80. Tumia usukani wa haidroliki. Na kamba ya kuzima injini ifungwe kwenye boya alilovaa, kamwe isifungwe kwenye kiti, maana kiti kimefungwa na hakitaondoka yeye akianguka.