Polishi gani itarudisha mng'aro wa bampa, rimu na ekzosi?

Mshika Tambara:

Wakuu, habari zenu. Nina pikapu ya Datsun 1200 niliyoachiwa ikiwa imesimama muda mrefu. Injini nimeshamalizana nayo, sasa nimefika kwenye bodi na hapo ndipo nimekwama. Bampa la mbele limefifia na lina vidoadoa vya kahawia, kama limerushiwa chai. Rimu ni za alumini, si zake za asili, zimekuwa kijivu na pembeni zina michirizi myeupe. Bomba la mwisho la ekzosi ni la stenlesi, limegeuka dhahabu na bluu. Halafu kuna zile ringi za taa za mbele, nazo zimepauka.

Kwenye rafu nimekuta polishi ya maji, ya tyubu, na ile pamba iliyolowekwa dawa ndani ya kopo. Zote zimeandikwa zinafaa kila metali. Jirani yangu anasema nisijisumbue, nichukue Brasso, ile polishi ya shaba iliyopo nyumbani, nisugue mpaka jioni. Mimi nataka kununua kitu kimoja kimalize kazi yote. Nichukue ipi?

Bi Msasa:

Kimoja cha kumaliza yote hakuna, lakini viwili vinatosha. Kabla hujatoa hela, chukua sumaku na kitambaa cheupe cha pamba, urudi kwenye gari. Hujatuambia bado unasugua nini, na maandishi ya kwenye kopo hayawezi kukujibia hilo.

Polishi ya metali, iwe ya maji au ya tyubu, ni unga laini wa kukwaruza uliochanganywa na mafuta au kiyeyushi. Inang'arisha kwa kuondoa kitu. Basi jiulize inaondoa nini, na chini yake kuna nini.

Tuanze na bampa. Sumaku ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa kromu. Kromu ni ngumu sana, ngumu kuliko chuma chenyewe, lakini kwenye mabampa huwa nyembamba kupita unavyofikiri. Kwa kawaida haifiki hata maikroni 1, na unywele wa mtu una maikroni 50 hadi 100. Chini yake kuna nikeli, nene zaidi, na nikeli ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya ule mng'aro na kukilinda chuma. Ukiona bampa la zamani lina umanjano fulani hivi, hasa kwenye kona ambako watu wamesugua miaka na miaka, kromu imeshakwisha na unatazama nikeli. Hapo hakuna polishi ya kukusaidia, ni kulipeleka likapakwe upya.

Hivyo vidoadoa vyako ni kutu ya chuma cha ndani iliyotokezea kwenye vitundu vya kromu. Osha bampa kwa sabuni, kisha chukua foili ya alumini, ikunje, ichovye kwenye maji, usugue mdogo mdogo. Alumini ni laini kuliko kromu kwa hiyo haiachi mikwaruzo, na kutu utaiona inageuka tope la kijivu linalofutika. Vishimo vitabaki. Polishi haijazi shimo, hata wakikuapia. Ukimaliza pitisha polishi laini ya kromu mara moja, halafu nta.

Brasso ya jirani iachie vitu vya shaba. Haitakuharibia bampa kwa siku moja, lakini kwenye ngozi nyembamba hivyo mimi sitaki kitu kinachokwaruza zaidi ya kinachohitajika. Na ile ya maji ya kawaida ina amonia, kwa hiyo usiisugue umejifungia ndani.

Rimu: tia polishi kidogo mahali pasipoonekana, sugua kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikiwa cheusi tii, hiyo ni alumini tupu na polishi inafanya kazi. Kikibaki cheupe, kuna vanishi juu, na unachosugua ni hiyo vanishi. Jaribu hayo urudi na majibu.

Mzee wa Drili:

Dada umeongea vizuri ila unamchosha kijana. Alumini kwa mkono ni adhabu. Achukue drili, afunge gurudumu la kitambaa, apake sabuni ya kung'arishia ile ya kipande kigumu, kahawia kwanza halafu nyeupe. Rimu nzima inamalizika kabla mkono haujaanza kuuma, na inakuwa kioo.

Bi Msasa:

Mzee, kwenye alumini tupu sikubishii, mashine inashinda mkono. Lakini kuna mambo mawili. Gurudumu la kitambaa linatoa joto, na ukilikaza sehemu moja alumini inaanza kupakaa na kuacha mawimbi. Lazima drili iwe inatembea. La pili ni vumbi. Vumbi la alumini linashika moto, na likichanganyika na vumbi la kutu ya chuma linakuwa mchanganyiko uleule mafundi wa reli wanaotumia kuunganishia vyuma, unawaka kwa joto la kuyeyusha chuma. Kwa hiyo usisage bampa lenye kutu kwenye kona ileile uliyong'arishia rimu, cheche zikarukia lile vumbi. Fagia kwanza, vaa barakoa na miwani.

Na kwenye kromu mashine ikae mbali kabisa.

Mshika Tambara:

Nimerudi. Bampa: sumaku imenasa, na umanjano sijauona, bluu tu ya kawaida ya kromu. Ringi za taa: sumaku haikushika, nikizigonga kwa ukucha zinalia plastiki. Rimu zimenichanganya. Usoni kitambaa kimebaki cheupe, lakini kwenye ukingo wa nje kimekuwa cheusi.

Bi Msasa:

Hakuna cha kuchanganya. Vanishi imeisha kwenye ukingo, usoni bado ipo. Hiyo michirizi myeupe uliyoitaja, itazame kwa karibu. Kama inatambaa kama nyuzi chini ya kitu kinachong'aa, na ukipitisha ukucha hauigusi, ni kutu ya alumini iliyoingia chini ya vanishi kupitia mkwaruzo au pale rimu ilipogonga ukingo wa barabara. Unyevu ukishaingia unasafiri humo ndani. Utasugua juu yake mpaka uchoke, yenyewe iko chini.

Kwa hiyo una njia mbili. Ama uache uso ulivyo, uupitishie polishi ya rangi ya gari (ya rangi, siyo ya metali) uondoe ukungu wa juu, ukingo uung'arishe peke yake. Ama uvue vanishi yote kwa dawa ya kutolea rangi, uanze upya. Mimi kwa rimu zenye ile michirizi ningevua, maana haitasimama hapo ilipo.

Ukivua, utakuta mikwaruzo na vishimo. Usikimbilie tyubu. Shika msasa wa maji (namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi): anza na 600 kama mikwaruzo ni ya kina, kisha 800, 1000, 1500, 2000. Kila namba sugua kuvuka mwelekeo wa namba iliyotangulia. Ukienda na 800 kwa kulala baada ya 600 kwa kusimama, utaiona mistari ya 600 inavyofutika, na usihamie 1000 mpaka mstari wa mwisho wa kusimama umekwisha. Watu wengi wanaruka namba, wanafika kwenye polishi, halafu wanailaumu polishi kwa mistari ambayo msasa uliiacha.

Baada ya 2000 ndiyo unafungua tyubu. Weka kiasi cha punje ya maharage, sehemu ndogo kwa wakati mmoja, sugua mpaka pawe peusi, endelea kidogo tu, kisha futa kwa kitambaa kingine kabla haijakauka. Ule weusi ni alumini yako yenyewe inayotoka, usiogope. Ikikauka kwenye kona za nati utaikwangua kwa mswaki hadi usiku. Na stilwulu (zile nyuzi za chuma za kusugulia) usitumie kwenye alumini, inaacha chembe za chuma ambazo zitashika kutu zikatia madoa.

Ringi za taa hizo ni plastiki iliyopakwa mng'aro. Sabuni, maji, kitambaa laini, nta. Basi. Polishi ya metali itakupeleka kwenye plastiki mapema kuliko ulivyopanga.

Abiria wa Nyuma:

Samahani nidandie hapohapo. Gari langu si la zamani, lakini zile tepe za fedha zinazozunguka vioo vya milango zimekuwa na ukungu kama maziwa yamekaukia. Nimeosha, nimepaka nta, wapi. Nazo ni kromu?

Bi Msasa:

Kwa maelezo hayo nahisi ni alumini iliyoanodaiziwa, yaani uso wake umegeuzwa kuwa oksaidi kwa umeme ili usichakae. Ile ngozi haipendi sabuni zenye alkali kali, zile za kupuliza gari na kuacha povu lifanye kazi lenyewe. Zinaila ngozi, na ukungu unaouona ni ngozi iliyoliwa, siyo uchafu, ndiyo maana haitoki kwa kuosha. Kama ni kidogo, polishi laini sana kwa mkono inapunguza. Ukilazimisha mpaka ing'ae utakuwa umeitoa ngozi yote, na alumini tupu itapauka tena haraka. Anza na sehemu ndogo nyuma kabisa. Na huko unakooshea gari waulize wanatumia sabuni gani.

Mshika Tambara:

Ekzosi umeisahau dada yangu.

Bi Msasa:

Sijaisahau, niliiacha kwa sababu ndiyo rahisi. Ile dhahabu na bluu ni oksaidi iliyotengenezwa na joto, tabaka jembamba tu juu ya stenlesi. Tyubu ileile ya alumini na stenlesi inaitoa, ukisugua kufuata mistari ya bomba. Itarudi, kwa sababu joto litarudi. Ekzosi iwe imepoa kabisa, nyingi ya polishi hizi zina kiyeyushi kinachoshika moto. Nta usihangaike nayo hapo, inaungua. Kwenye rimu na bampa paka, ndiyo itakayokupunguzia kazi ya kusugua upya.

Mshika Tambara:

Kwa hiyo: tyubu moja ya alumini na stenlesi, chupa ndogo ya polishi laini ya kromu, nta, misasa, na dawa ya kuvulia vanishi. Nimeacha kitu?

Bi Msasa:

Hiyo dawa soma karatasi yake kama imeandikwa inafaa alumini. Zenye soda kali zinakula alumini yenyewe, utavua vanishi na uso wa rimu kwa pamoja. Na rimu zitoe kwenye gari kabla hujaanza, ili polishi isifike kwenye diski na pedi za breki.