R. K. Narayan aliandikaje? Swali kuhusu mazoea na mapenzi yake

Mpenda Riwaya aliuliza:

Habari zenu, wasomaji wenzangu. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikisoma riwaya za R. K. Narayan, mwandishi wa India aliyezaliwa Madras mwaka 1906 na kufariki mwaka 2001, na kila ninapofunga kitabu chake hubaki na mshangao uleule. Sentensi zake ni fupi, maneno yake ni ya kila siku, hakuna mahali anapojitutumua, na hata hivyo mji wake wa kubuni wa Malgudi umenikaa kichwani kana kwamba niliwahi kuteremka katika stesheni yake. Mimi naandika riwaya yangu ya kwanza, na kurasa zinazonipendeza usiku huziona asubuhi zimejaa mapambo matupu. Naomba mnaomfahamu vizuri mnieleze: alipenda kusoma nini, visa vyake alivitoa wapi, na je, alikuwa na ratiba, au alingoja mpaka moyo umtume?

Mzee wa Maktaba alijibu:

Ndugu yangu, mimi ningeanzia miguuni mwake, kwa sababu Narayan alikuwa mtu wa kutembea. Alipoanguka mtihani wa kuingia chuo kikuu, tena katika somo la Kiingereza, alipata karibu mwaka mzima usio na kazi, akautumia kuzunguka mji wa Mysore, Kusini mwa India, na kusoma kando ya bwawa la Kukanahalli. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu, na kwa njia hiyo kijana akaifikia maktaba ya shule na kujisomea Dickens, Hardy, Wodehouse na Conan Doyle bila mtu wa kumzuia. Hata hivyo, asije mtu akakwambia kwamba Malgudi ilitoka katika vitabu vya Waingereza. Utotoni alilelewa Madras na bibi yake, ambaye ndiye aliyemfundisha hadithi za kale, sala za Kisanskriti na muziki wa Karnataka, yaani muziki wa jadi wa Kusini mwa India, na mapenzi ya muziki huo hayakumtoka maisha yake yote.

Baadaye alifanya kazi ya uripota kwa gazeti moja la Madras lililomlipa kwa urefu wa safu iliyochapishwa. Ujira ulikuwa mdogo, lakini kila siku ilimlazimu kupita sokoni, mahakamani na ofisini kutafuta habari, akisikiliza madalali, mawakili na wenye kesi. Ukisoma jinsi wachuuzi wake wanavyobishana, utatambua kwamba mwandishi amesimama karibu nao kwa muda mrefu, wala hakuwa na haraka ya kuondoka. Kwa maoni yangu, wepesi wa lugha yake ulitoka huko. Mtu aliyeshiba mazungumzo halisi hahitaji mapambo.

Binti Kalamu alijibu:

Nakubaliana na Mzee wa Maktaba kuhusu matembezi, ila swali la ratiba halijajibiwa. Ratiba ilikuwapo. Mwaka 1956 alikwenda Marekani kwa ufadhili wa Wakfu wa Rockefeller, akapanga chumba cha hoteli huko Berkeley, California, na humo akaandika *The Guide*, riwaya iliyompatia tuzo ya Sahitya Akademi, akademia ya fasihi ya India, mwaka 1960. Alijiwekea kiasi cha maneno 1,500 hadi 2,000 kwa siku, na kwa miezi mitatu hivi rasimu ikawa imekamilika. Kwa kuwa hakula nyama, alijipikia wali na mboga mwenyewe humohumo chumbani. Napenda sana kumfikiria hivyo, sufuria upande mmoja na karatasi upande wa pili, akiwa California na akili yake yote iko ukingoni mwa mto wa Malgudi. Na kahawa, bila shaka, kwani alikuwa na msimamo mkali kuhusu kahawa ya Kusini mwa India: iwe nzito, ichujwe ipasavyo, na ichanganywe na maziwa mazuri.

Kuna jambo jingine ambalo wewe unayeandika unapaswa kulijua. Alipojenga nyumba yake katika mtaa wa Yadavagiri, Mysore, alijitengenezea chumba cha kuandikia chenye madirisha manane, ili aone hekalu la kilima cha Chamundi, treni zikipita na ng'ombe wakila majani. Mandhari hiyo ilimshinda, kwa sababu macho yalikuwa nje na mkono haukuandika kitu. Hatimaye aliweka pazia zito la rangi ya kijivu mbele yake, akaandika akilitazama hilo.

Msomaji wa Alfajiri alijibu:

Wenzangu mmesema mengi ya kweli, lakini naona tunamfanya Narayan kuwa fundi wa ratiba na masikio tu, nami siwezi kulikubali hilo bila kumtaja Rajam. Mwaka 1933, huko Coimbatore, Narayan alimwona binti akiteka maji kwenye bomba la mtaani, akampenda papo hapo, na akamwoa ingawa mnajimu alionya kwamba nyota zao hazikupatana. Rajam alifariki kwa homa ya matumbo mwaka 1939, akiacha binti wa miaka mitatu. Mwandishi huyu mnayemsifu kwa mazoea yake alinyamaza kwa muda mrefu. Hakuna ratiba iliyomwokoa. Alikwenda Madras kwa wakili mmoja aliyeaminika kuwasiliana na roho za waliofariki, akakaa naye vikao vingi, na kutokana na maombolezo hayo ikazaliwa *The English Teacher*, iliyochapishwa mwaka 1945. Sehemu ya ugonjwa wa mke katika riwaya hiyo imeandikwa kwa maneno mepesi kuliko yote aliyowahi kuyatumia: kipimajoto, dawa, chati ya joto la mwili, daktari anayesema hali itatengemaa. Nimeisoma mara tatu na kila mara nimelazimika kukiweka kitabu chini. Wepesi wa namna hiyo haupatikani sokoni, Mzee wangu.

Mzee wa Maktaba alijibu:

Umenisahihisha kwa haki, nami napokea.

Mpenda Riwaya aliandika:

Nawashukuru nyote kwa moyo mmoja. Naomba kuongeza swali moja tu: je, alijua mwisho wa hadithi kabla ya kuanza? Mimi ndipo ninapokwama.

Binti Kalamu alijibu:

Mara nyingi hakuanza na mpango kamili. Riwaya yake ya kwanza, *Swami and Friends*, ilianza mwaka 1930 katika siku ya Septemba ambayo bibi yake aliichagua kuwa ya heri. Alinunua daftari, akaketi akitafuna kalamu, na stesheni ndogo ya Malgudi ikamjia yenyewe, pamoja na mtoto anayekimbia jukwaani akiwachungulia abiria usoni. Wachapishaji waliikataa mara nyingi hata akamwambia rafiki yake aliyekuwa Oxford aufunge muswada kwa jiwe na kuuzamisha katika mto Thames. Rafiki hakumtii, akampelekea mwandishi Mwingereza Graham Greene, na kitabu kikatoka mwaka 1935.

Kuhusu *The Guide*, mbegu yake ilikuwa ukame halisi wa Mysore, ambapo Wabrahmani, watu wa tabaka la makuhani wa Kihindu, walisimama ndani ya maji hadi magotini, wakafunga na kuomba mvua kwa siku kumi na moja, na siku ya kumi na mbili ikanyesha. Narayan hakujua kama Raju, mhusika wake anayefunga kwa ajili ya mvua, afe au aishi. Alipomsimulia Greene, huyo akasema bila kusita kwamba lazima afe. Sasa fungua ukurasa wa mwisho. Raju yumo mtoni, anasema mvua inanyesha milimani na kwamba anayasikia maji yakimpanda miguuni, kisha analegea. Narayan hakuongeza neno.