Nimeuziwa "seti kamili" ya kusafishia vioo kwa maji safi, na maji yenyewe si safi

Ndugu wanajukwaa,

Nawaandikia nikiwa na hasira ambayo wiki sita hazijaipoza. Nilinunua kwa muuzaji mmoja, ambaye sitamtaja jina, seti aliyoiita kamili kwa mtu anayeanza kazi ya kusafisha vioo kwa maji yaliyoondolewa madini: mpini wa alumini wa mita 9 unaopeleka maji hadi kwenye burashi, mpira wa maji, tangi la kubeba mgongoni lenye pampu ya volti 12, na mtungi wa kusafishia maji. Sikununua kwa pupa, maana nilimsumbua kwa maswali siku mbili nzima. Yeye hakuniuliza hata moja, ilhali lilikuwepo swali ambalo hakuna mtu anayepaswa kuuziwa vifaa hivi kabla ya kulijibu: maji ya bomba lako yana TDS ngapi, yaani kiasi gani cha madini na chumvi zilizoyeyuka ndani yake?

Kwa wasioijua kazi hii, kioo hakifutwi kwa kitambaa. Kinasuguliwa kwa burashi, kinasuuzwa kwa maji hayohayo, kisha kinaachwa kikauke chenyewe. Maji hupotea hewani, lakini chokaa na chumvi zilizoyeyuka ndani yake haziendi popote. Hubaki pale pale tone lilipokaukia. Ndiyo sababu maji yanayofika kwenye burashi yanatakiwa yasome 0 kwenye kipimo cha TDS, na wazoefu wengi huanza kuhangaika yakikaribia 10 ppm (sehemu kumi kwa milioni). Kipimo chenyewe ni kidude cha kutosha mfukoni, na ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa katika kazi hii. Katika seti yangu "kamili" hakikuwemo.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza kilikuwa madirisha ya mteja. Nilimaliza nyumba nzima, nikakunja mpira, nikaondoka nikijipongeza. Saa mbili baadaye mzee mwenye nyumba alinipigia simu akaniuliza kwa upole ulioniuma kuliko tusi: "Kijana wangu, umeyaosha haya madirisha au umeyarushia maziwa?" Nilirudi. Kila kioo kilikuwa na vidoa vyeupe, na kwenye ukingo wa chini, maji yalipokuwa yamejikusanya kabla ya kukauka, kulikuwa na mstari mweupe kama wa chaki. Nikayarudia yote kwa mkono, ndoo na kifutio cha mpira, bila malipo.

Siku iliyofuata nilinunua kipimo. Maji ya bomba yalisoma 340. Maji yaliyotoka kwenye mtungi yalisoma 342. Nilisuuza kikombe, nikapima tena, nikapata namba ileile. Nilipompigia muuzaji, alinijibu kwamba mtungi ulikuwa bado "haujazoea maji." Someni tena sentensi hiyo, tafadhali. Nilipoufungua nilielewa: aliniuzia kilainishi cha maji, kile kinachosafishwa kwa chumvi ya kawaida. Kifaa hicho hunasa kalsiamu na magnesiamu kikaachia sodiamu badala yake. Ni kizuri kwa kuzuia ukoko kwenye hita ya maji, lakini hakipunguzi jumla ya vitu vilivyoyeyuka. Kinabadilishana tu, na sodiamu nayo huacha alama kwenye kioo. Ama hakuijua tofauti hiyo, ama aliijua akanyamaza, na sijui lipi ni baya zaidi kwa mtu anayejiita mtaalamu wa maji.

Baada ya mabishano marefu alikubali kunibadilishia, kwa nyongeza ya fedha bila shaka, akanipa mtungi wenye resini mchanganyiko, yaani punje zinazoondoa ioni zote (madini yaliyoyeyuka). Siku ya kwanza kipimo kilisoma 0 na nikaanza kumsamehe. Kabla wiki ya pili haijaisha kilisoma 6, kesho yake 41, na maji yakaanza kutoa harufu ya samaki, ambayo baadaye nilielezwa kwamba ni dalili ya resini iliyochoka. Muuzaji akaniambia, tena kwa furaha, kwamba resini mpya anayo ya kutosha.

Hapa ndipo penye biashara yake. Resini ina uwezo wake wa kubeba madini, na ukiisha umeisha; maji yenye TDS 340 huimaliza takriban mara kumi haraka kuliko maji yenye 34. Mwenye maji laini anaweza kuanza na mtungi wa resini peke yake na asijute. Mwenye maji kama yangu anahitaji kwanza mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia utando unaozuia madini, ambayo kwa kawaida huondoa zaidi ya asilimia 90 ya madini, kisha resini imalizie mabaki. Mashine hiyo ina masharti yake: inataka presha ya kutosha, inataka chujio la kaboni mbele yake kwa sababu klorini huharibu utando wake, na inamwaga sehemu kubwa ya maji inayoingiziwa. Bei yake ya mwanzo ni kubwa kuliko ya mtungi, nakubali, lakini nimepiga hesabu, na kwa resini niliyokwisha kununua nimeshafika nusu ya bei ya RO ndogo. Huo unafuu niliouziwa ulikuwa wa siku ya kununua tu.

Kuhusu mpini nitasema machache, maana nikiendelea nitatukana. Ukiunyoosha hadi mita 9, unapinda kama ufito wa ndoana iliyonasa samaki, burashi inacheza huku na huko, na vibanio vya vipande viwili vya juu vinateleza maji yakianza kupita. Nyumba nyingi za ghorofa moja hazihitaji hata mita 7, na mpini mfupi ulio mgumu husafisha vizuri kuliko mrefu unaolegea. Kubwa zaidi, alumini inapitisha umeme, na mpini huu haukuwa na onyo lolote kuhusu nyaya za juu. Fiberi ya kioo ni nzito kidogo, lakini kwa anayeanza ningeichagua hiyo, na hata nayo singesogea karibu na waya. Pampu haina kosa. Burashi inafaa.

Nimemwandikia muuzaji mara tatu nikidai arudishe fedha za kilainishi na za mpini. Ujumbe wa kwanza aliujibu kwa kunitumia orodha ya bei mpya, wa pili aliusoma, wa tatu haujamfikia kwa sababu amenizuia. Kama kuna mwenzangu humu aliyeuziwa seti ya aina hiyo, yenye mtungi wa bluu na mfuko wa chumvi uliofungwa pembeni, naomba apime maji yanayoingia na yanayotoka, aandike namba zote mbili hapa chini pamoja na tarehe aliyonunua. Ijumaa namfuata dukani kwake, na ningependa nisiende na namba zangu peke yangu.