Nyasi zimegeuka kahawia kwa baridi: niweke mbolea au nisubiri?

Muulizaji
Ndugu zangu, naombeni ushauri. Nina uwanja mdogo wa nyasi za ukoka ambao nimeutunza kwa miaka 3, na sijawahi kuuona ukififia kama mwaka huu. Tangu baridi ianze kuuma, sehemu kubwa imekuwa kahawia, na pale tunapokatiza asubuhi kwenda getini zimebaki alama za nyayo nyeusi. Jirani yangu amenishauri niweke mbolea ya naitrojeni ili rangi irudi. Je, niifuate shauri lake?

Mtunza Miche
Ndugu, tafadhali usiiweke sasa. Ukoka ni jamii ya nyasi za nchi za joto, na udongo unaposhuka chini ya takriban nyuzi 10 za Selsiasi huacha kukua, majani yakakauka, huku uhai ukibaki chini kwenye shina na mizizi. Mizizi iliyolala hunyonya mbolea kidogo mno, kwa hiyo nyingi itasombwa na maji. Na endapo siku chache za joto zitaamsha machipukizi, yatakuwa laini na yataunguzwa na jalidi ya kwanza itakayofuata. Ukitaka kuhakikisha kwamba nyasi hazijafa, shika kishungi kimoja ukivute: zilizolala hushikilia ardhi, zilizokufa hung'oka kwa urahisi. Kisha fukua mche mmoja, utazame pale majani yanapokutana na mizizi. Pakiwa peupe na pagumu, mche huo u hai.

Bibi Bustani
Mimi zimenishtua zaidi hizo nyayo. Jani lililoganda huwa na chembechembe za barafu ndani yake, na mguu ukilikanyaga, barafu hiyo huchana kuta za seli, ndiyo maana jua likichomoza sehemu ile hunyauka na kuwa nyeusi. Kwa kawaida madhara huishia kwenye jani, hivyo msikate tamaa, ila pitieni kwingine mpaka jalidi iyeyuke, au tandazeni mawe bapa ya kukanyagia. Udongo uliolowa chepechepe nao hautaki kukanyagwa, kwa sababu hushindiliwa, maji yakatuama na mizizi ikakosa hewa. Na kama njia ya getini humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, badilisheni mtumie mchanga, maana chumvi ikifika kwenye nyasi huifanya mizizi ishindwe kunyonya maji hata yakiwepo.

Reki Mkononi
Naomba niongeze suala la majani ya miti, ambalo wengi hulipuuza. Mwaka mmoja niliyaacha yarundikane, theluji ikayafunika, na ilipoyeyuka nikakuta mabaka ya mviringo yenye utando wa kijivu mithili ya buibui. Ilikuwa kuvu ya theluji, ambayo hustawi penye baridi, unyevu na giza, na iliniumiza sana kwa sababu kazi ya kuyaondoa kwa reki isingezidi saa moja. Yaondoe kila yanapotanda. Mashine ya kukatia ipumzike. Nyasi zilizolala hazihitaji kukatwa, na zilizoganda zisiguswe kabisa.

Muulizaji
Nawashukuru mno. Nimevuta vishungi sehemu 5, vyote vimeshikilia, na mashina ni meupe. Nimebaki na swali moja: hapa hakujanyesha mvua wala theluji kwa zaidi ya mwezi. Nimwagilie?

Mtunza Miche
Ndiyo, lakini kwa nadra. Maadamu ukame unaendelea, maji mara moja kila baada ya wiki 3 au 4 yanatosha kuzuia mashina yasikauke. Chagua siku ambayo udongo haujaganda, umwagilie mchana ili maji yazame kabla ya baridi ya usiku. Ile mbolea ya jirani ihifadhi mahali pakavu, uiweke uwanja utakapokuwa umerudisha kijani walau nusu na hatari ya jalidi imepita.