Uliyepiga kelele "maiki haiwaki" jana usiku Symphony Hall, ujijue!

Alto_wa_Musoma
Wakuu, saa nane usiku hapa Boston na usingizi sina. Mikono inatetemeka.

Mnamjua. Yule wa koti la kijivu, mwenye maspika, ambaye hakuna harusi ya Waswahili New England asiyoitoboa masikio. Simtaji. Mnamjua.

Nimelipa dola 62, nimeomba ruhusa kazini, nimesuka. Waimbaji wanane, hakuna kinanda, hakuna ngoma, hakuna maiki hata moja. Mmoja anapuliza kidude cha kutafutia noti, wenzake wanapokea, basi. Wakaingia isicathamiya, uimbaji wa Wazulu waliolala hosteli za vibarua, ambao jina lake lenyewe lina maana ya kunyata. Besi inanguruma hadi unaisikia kwenye mbao za kiti. Wakashusha. Wakashusha tena. Watu zaidi ya elfu mbili, ungemsikia chawa akikohoa. Noti ya mwisho imetoka, inaelea juu...

"MAIKI HAIWAKIII!"

Kwa Kiswahili! Wazungu wakadhani ni sehemu ya wimbo!

Jamani, pale sauti inabaki hewani karibu sekunde mbili baada ya mwimbaji kufunga mdomo. Ndiyo raha tuliyoilipia. Hizo sekunde mbili ndizo alizozikanyaga, na kelele yake nayo ikabaki hewani sekunde mbili! Kabla ukumbi ule haujafunguliwa 1900, Wallace Sabine, profesa wa Harvard, alikesha akihamisha mito ya viti ukumbi hadi ukumbi, anapima mwangwi, mpaka akapata hesabu ya mwangwi waliyojengea ukumbi ule. Mtu amebeba mito usiku ili sisi tusihitaji spika, halafu wewe unadai maiki!

Nikageuka, nikamwambia kwa adabu, "Kaka, hawa hawatumii maiki." Akanijibu kwa sauti ile ile ya harusini: "Tulia dada, mambo ya sauti huyajui." MIMI! Niliyeimba sauti ya pili kwaya ya Wasabato miaka 14, kinanda tukikisikia kwa majirani tu! Kisha akawasha tochi ya simu, akainama chini ya viti kutafuta waya. Waya!

Maiki haiwaki. Naisikia mpaka sasa.

Mzee_Siti_ya_Mbele
Nimekaa hapa, ngoja waje.

Kitwana_Lowell
Pole dada. Kwenye harusi ya shemeji yangu maiki yake iliwaka, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Bibi harusi mpaka leo anasikia sikio moja.

Besi_Ukerewe
Dola 62 kusikiliza watu wasio na vyombo? Njoo kanisani kwetu Jumamosi, bure, na ubwabwa juu.

Alto_wa_Musoma
Besi, usinichefue. Ilikuwa noti ya mwisho. YA MWISHO.

Mpita_Njia_Nashville
Fisk Jubilee Singers wa hapa kwetu walianza ziara 1871 kuchangisha fedha chuo chao kisifungwe, na 1873 wakamwimbia Malkia Victoria. Maiki hazikuwepo. Huyo bwana angekuwepo angempa Malkia bei ya kukodi spika.

Mzee_Siti_ya_Mbele
Dada umeandika gazeti zima kwa ajili ya sekunde mbili.

Kitwana_Lowell
Na bado ana dola 150 zangu za kishika uchumba cha spika tangu Desemba. Simu hapokei.

Besi_Ukerewe
Afadhali huyo kapiga kelele kwa mdomo wake. Kwaya za siku hizi zinapanda na flashi, watu wanafungua midomo tu.

Nyota_ya_Mara
Hapo umegusa Besi! Kwetu flashi ilikwama katikati ya ubeti, wakabaki midomo wazi kama makinda. Mchungaji akasema amina.

Besi_Ukerewe
Na sare mpya kila mwezi! Sare kumi, sauti moja.

Alto_wa_Musoma
Uzi ni wa MAIKI!

Nyota_ya_Mara
Sare za kwetu nilichangia, sikupewa hata kitambaa.

Kitwana_Lowell
Dola 150 zangu jamani.

Mama_Maandazi_Quincy
Samahani wapendwa, huyo kaka wa spika bei gani siku hizi? Nina ubatizo mwezi ujao.

Alto_wa_Musoma
Mama Maandazi, hata wewe?

Mama_Maandazi_Quincy
Nimempata. Dola 400, spika nne na maiki mbili. Ameniapia zote zinawaka.