Tupeane uzoefu: siasa ilipofika mpaka makaburini, Pemba

Mtoto wa Wete: Jana maziko ya kwetu nimeona wa chama hiki na chama kile wakipokezana jeneza. Nimekumbuka tulivyokuwa baada ya uchaguzi wa 1995. Mliokuwepo, mliishi vipi na watu wenu?

Shangazi wa Chake: Usiulize. Chumvi nilikuwa naifuata mtaa wa pili na duka la wa chama kingine limepakana na ukuta wangu.

Bin Konde: Mama yangu alifariki 1997, alfajiri. Kijiji kizima nyumba ya chama tawala ilikuwa yetu peke yake. Msiba ukatangazwa msikitini, hakuja mtu. Na nyote mnajua kwetu mazikoni huendi kwa mwaliko, watu huja na majembe yao. Kaburi tulichimba mimi, kaka na shemeji aliyetoka Mkoani; adhuhuri inaadhiniwa, mwanandani, pale ndani ya kaburi anapolazwa maiti, haujatimia. Bibi mmoja tu ndiye aliyepitia uwani kuja kumkosha marehemu, akatokea mlango wa nyuma asionekane. Ami yangu, baba mmoja mama mmoja na baba, alikuwa barazani pake na kanzu na kofia, ametoka kuswali. Jeneza likapita mbele yake. Hakunyanyuka! Jeneza hata la usiyemjua unanyanyuka. Na juzuu amma ya Kurani nilisomeshwa na mzee yule yule. Sikumpa mkono mpaka 2010, baada ya kura ya maoni ya Julai ya serikali ya umoja wa kitaifa, alipokuja mwenyewe mlangoni. Nikamkaribisha. Habari ya siku ile hajaigusa mpaka leo.

Shangazi wa Chake: Inna lillahi. Pole mwanangu.

Mvuvi: Pole sana. Ila yasiishie hapo. Januari 2001, baada ya watu wa upinzani kuuawa na polisi kwenye maandamano, tulivuka usiku kwa dau mpaka Shimoni, Kenya. Tuliokimbia tulipita 2,000. Nani alitunyanyukia sisi?

Bin Konde: Mama yangu hakumpiga mtu risasi.

Mvuvi: Sikusema hivyo. Nasema wote tumezika.

Ukhti Darajani: Msipimane misiba. Kuzika ni faradhi kifaya, wasipokwenda wote dhambi ni ya wote. Maimamu wangelisema hilo mimbarini mapema.

Shangazi wa Chake: Wewe uko Unguja. Wa kwetu alilisema, Ijumaa iliyofuata nusu ya safu wamehamia msikiti mwingine.

Niko Muscat: Sisi kundi la simu la ukoo siasa marufuku. Ndiyo dawa.

Mtoto wa Wete: Dawa gani? Watu wananuniana kimya kimya. Bora wagombane huku wanafuturu sinia moja.

Kijana wa Micheweni: Na uchaguzi ulipofutwa 2015 ukarudiwa Machi 2016, kwetu yalianza upya. Baba alikatazwa na wenziwe asiende harusi ya dada yake. Alikwenda, na mchele akapeleka.

Bin Konde: Ami sasa yuko kitandani. Wanawe wamenipigia, ananitaja. Nimuulize ile siku au ninyamaze?

Shangazi wa Chake: Mgonjwa haulizwi. Mshike mkono, msomee Yasini, basi.

Mvuvi: Muulize. Akiondoka hajakujibu utabaki nalo wewe.

Ukhti Darajani: Nenda kwanza leo. La kusema utalijua ukishafika.